Bakuli mu dari: niliyoyaona mu Msikiti Mkubwa wa Kilwa

Hii itakuwa ndefu kidogo, mnisamehe. Kama uko ku kazi, iweke, utaisoma mangaribi na chai.

Mwezi uliopita mu mkutano kamati ilituonyesha pulani ya nyumba yetu, ile tunataka kujenga hapa Manika na michango yetu ya kila mwezi. Mliokuwepo mnakumbuka: mbele nguzo nne za simenti za kumiminwa, zenye majani kichwani kama za Waroma wa zamani, vioo vya bluu toka chini mpaka juu, ndani plafo ya plastiki yenye maua ya rangi ya dhahabu, na juu ya yote manjanja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyanyua mkono nikauliza swali la mkulima: joto la mwezi wa kumi tutalifanya nini chini ya manjanja na kioo? Na mvua ya mwezi wa kwanza ikianza kupiga, nani atamsikia mwenye kusema? Mkubwa mmoja akanijibu hivi, ninaandika kama alivyosema: «Petit, siye batu beusi hatukujenga ata kintu kimoja cha mawe mbele ya Mubeleji kufika. Acha tuige benye kujua.» Sale nzima ikacheka.

Sikucheka, lakini sikujibu pia. Jibu lilikuwa mu kichwa changu halina mpangilio, na mbele ya mkubwa hausemi jambo ambalo hujalipanga. Sasa nimelipanga. Jibu langu ni msikiti mmoja.

Mwaka jana nilipita ile njia ambayo shaba yetu inapita kila siku: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, mpaka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeenda juu ya mambo ya mbegu. Kazi ikaisha mapema, nikabaki na siku nne mkononi, na rafiki mmoja wa kule akaniambia: panda basi uende Kilwa. Mimi nikacheka, maana kwetu Kilwa ni ile ya ku ziwa Mweru, ya samaki na ya matata ya mwaka 2004. Yeye hakujua hiyo yetu. Ya kwake iko kusini ya Dar, kama kilomita 300, ku bahari. Unafika Kilwa Masoko, unalipa kibali mu ofisi ya mambo ya kale, unapewa mtu wa kukuongoza, halafu munavuka na mashua kwenda kisiwani, Kilwa Kisiwani. Maji si mapana. Ukiwa Masoko unakiona kisiwa vizuri.

Niseme pia mbele ya kuendelea: mimi si Mwislamu. Nimekulia mu kanisa la Wametodisti, na mpaka leo naimba mu kwaya. Nilienda kama mtu wa udongo, si kama mtu wa dini wala wa historia. Lakini nilipoingia pale nilivua kofia bila kuambiwa.

Kitu cha kwanza ambacho kinashangaza ni kwamba Msikiti Mkubwa wa Kilwa hauna kitu cha kukushangaza ukiwa mbali. Hakuna mnara. Hakuna lango la kutisha. Unaona ukuta wa rangi ya kijivu, mweusi pale ambapo mvua inateremkia, na juu yake migongo ya mviringo imepangana kama mikate mu furu. Kama ungekuwa ku Avenue yetu moja hapa, ungepita na moto bila kugeuza kichwa. Nguvu yote iko ndani.

Ndani kuna misikiti miwili imeungana. Ule wa kaskazini ndio wa zamani, wa karne ya 11 au ya 12. Ni mdogo: nguzo tisa, tatu kwa tatu, zilizogawanya nafasi mu vyumba 16, na dari lilikuwa la kulala sawasawa. Dari hilo limekwisha, leo unasimama pale unaona mbingu. Mihrabu, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani ambayo inaonyesha upande wa Maka, inaangalia kaskazini karibu kabisa, kwa sababu Kilwa na Maka ziko karibu ku mstari mmoja wa longitudo. Sisi hapa Kolwezi Waislamu wetu wanageuka kidogo kuelekea mashariki. Pale hapana: nyumba nzima inafuata mstari wa dunia, kaskazini na kusini. Nilipoelewa hilo nilisimama nikatoa telefone kuhakikisha na busola. Kweli.

Upande wa kusini ndio upana. Ule ulijengwa mwanzo wa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yeye ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na akamsifu kwa ukarimu wake mpaka kusimulia jinsi alivyovua nguo zake akampa maskini mmoja aliyeziomba. Ni vyumba 30, mistari mitano kwa sita, na kila kimoja kina dari lake: pengine kuba, pengine dari la kupinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Unatembea chini yake na kila hatua tatu dari linabadilika. Linapanda, linashuka, linapanda tena. Mwanga unaingia toka upande, unagusa nguzo moja, unaacha ya pili mu kivuli. Inje ilikuwa jua la saa saba, la kuchoma. Ndani nilisikia baridi ku mikono. Hakuna mashine, hakuna feni. Ni unene wa ukuta na umbo la dari. Hewa ya moto inapanda mu kuba, mtu anabaki chini na hewa yake.

Hapo ndipo swali langu la mkutano lilipata jibu, na jibu lilikuwa na umri wa miaka mia saba.

Sasa nizungumze kuhusu mawe, maana hapa niko ku uwanja wangu. Ukuta wote ni matumbawe, yale mawe ambayo wadudu wadogo wa bahari wanayajenga kwa kalisi. Kuna ya aina mbili. Yale ya zamani yaliyo chini ya udongo wa kisiwa, magumu, yanavunjwa vipande na kupangwa mu ukuta. Na yale mazima ya ndani ya maji, aina inayoitwa Porites: ukiyatoa bado mabichi ni laini, unayachonga kama unavyochonga muhogo, halafu yakikauka ku hewa yanakuwa jiwe kweli. Mafundi walikuwa wanajua kipi kinafaa wapi. Ukuta, vipande vigumu. Ukingo wa mlango, mihrabu, mstari wa kuchora, yale laini. Hiyo ni elimu ya udongo, bandugu. Ni ile ile tunafundishwa mwaka wa pili: jua kwanza kitu kilicho chini ya miguu yako, ndiyo upange.

Na kitu kinachoshikilia yote ni chokaa. Chokaa! Mimi ambaye nimetumia miaka yangu kuwaambia wakulima wa hapa kwamba mashamba yetu yana asidi nyingi na mahindi yanataka chokaa, nimeenda kilomita hizo zote kukutana nayo ku ukuta. Kazi yake ni hii. Unapanga magogo kama kitanda cha duara, unaweka matumbawe juu, unawasha. Moto ukifika karibu digri 900, jiwe linatoa gazi ya kaboni, linabaki unga mweupe wenye hasira. Unamwagia maji, unatulia. Unauacha ukae, unauchanganya na mchanga, unajengea. Halafu polepole, mwaka kwa mwaka, unakunywa ile gazi toka ku hewa na kurudi jiwe. Ukuta wa Kilwa umejengwa na jiwe lililokufa moto likafufuka mu mkono wa fundi. Simenti yetu haijui kufanya hivyo: inashika haraka, inakuwa ngumu kuliko jiwe lenyewe, na inafunga maji ndani ya ukuta wa zamani mpaka ukuta unaoza kwa chumvi. Juu ya hiyo, mwenye kutengeneza ukuta wa chokaa anapaswa kurudi ku chokaa.

Hapa Katanga tuna chokaa, ile ya Kakontwe kule Likasi. Inaenda wapi? Ku mine, kupunguza asidi mu mabwawa ya kutengeneza shaba na kobalti. Shamba linabaki na asidi yake, na nyumba inajengwa na simenti ya gari toka mbali. Nafunga mabano hapo, nisije nikaanza mafundisho ya kilimo.

Turudi ku nguzo, maana hapa ndipo nina maneno ya kulaumu, na sitaki museme nimeenda kusifu tu.

Sultani al-Hasan alitaka makubwa. Nguzo za kwanza za upande wa kusini zilichongwa kila moja mu jiwe moja zima la tumbawe. Fikiria uzuri wake: nyembamba, bila kiungo, juu yake kuba nzito za mawe na chokaa. Pembeni akaweka chumba chake na kuba kubwa kuliko zote. Wataalamu wanasema mpaka karne ya 19 hakukuwa na kuba ya kuishinda pwani yote ya Afrika Mashariki. Halafu? Ikaanguka. Ile sehemu yote ya kusini ilianguka, na ilijengwa tena mu karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad. Nguzo tunazoziona leo ni za mara ya pili: pembe nane, nene, za vipande vya matumbawe na chokaa, si jiwe moja. Wale wa pili hawakuwa na kiburi cha wale wa kwanza. Wakanenepesha nguzo, wakazisogeza karibu.

Maoni yangu ni kwamba wa pili walijenga vizuri kuliko wa kwanza, ata kama vitabu vinampa sifa zote Sultani wa Ibn Battuta. Nguzo ya pembe nane ina akili. Pembe nane zinakata mwanga mu vipande: upande mmoja mweupe, wa pili kijivu, wa tatu mweusi. Ungekuwa mraba, ungekuwa mzito kama nguzo ya daraja. Ungekuwa wa duara, mwanga ungeteleza tu. Hakuna mchoro hata mmoja ku nguzo ile na bado imepambwa. Jicho langu lilienda toka nguzo mpaka nguzo bila kuchoka, kwa sababu nafasi kati yao ni ndogo, ni ya mtu, si ya lori.

Lakini nguzo nyingi hivyo zina bei yake. Nilijaribu: nilisimama nyuma kabisa, kusini, nikatafuta mihrabu. Sikuiona. Mwenye kusali nyuma pale alikuwa anasikia sauti tu ikipita kati ya nguzo. Kwa msikiti labda hilo si shida, watu wanapanga mistari na kufuata. Kwa kanisa letu ingekuwa shida, kwa sale ya mikutano shida kubwa zaidi. Ndiyo maana sisemi tujenge Kilwa hapa Manika. Nani atakubali kupiga kura nyuma ya nguzo?

Mapambo sasa. Mtu aliyeona picha za Istanbul au za Isfahani, yenye vigae vya rangi na maandishi ya dhahabu, akija Kilwa atasema: hapa hakuna kitu. Mihrabu iko wazi, tao la ncha, mistari michache ya kuchongwa, basi. Mimi mwenyewe saa ya kwanza nilisikia kama nimepungukiwa. Niliangalia ukuta, hakuna. Nikauliza kiongozi: mapambo yako wapi? Hakusema neno. Alinyanyua kidole juu.

Mu dari kulikuwa bakuli. Vyombo vya kauri vya toka China vilivyozikwa mu chokaa ya kuba kinywa kikiangalia chini, kama nyota. Pale pengine chombo kimeng'olewa, limebaki shimo la duara peke yake. Mu msikiti mwingine wa karibu, ule mdogo wa kuba, wa vyumba tisa tu, ambao umebaki mzima kuliko majengo mengine ya kisiwa, unaelewa vizuri zaidi walichotaka: chombo kimoja cha kung'aa mu mahali pamoja, na kando yake weupe mtupu wa chokaa. Wangeweza kuweka mia. Waliweka kidogo.

Hiki ndicho kitu kilichonigusa kuliko kuba na nguzo. Kauri ya China wakati ule ilikuwa mali kama leo mtu anavyonunua gari jipya la matajiri. Ilivuka bahari yote ya Hindi na meli za upepo. Mwenye nayo angeiweka mezani, wageni wale juu yake, wamsifu. Hawa waliichukua wakaiweka ku dari la nyumba ya Mungu, mahali ambapo hakuna mwenye kuila, na tajiri na maskini wanaiona sawasawa, na kuiona unapaswa kunyanyua kichwa. Kitu cha kigeni kipo, hawakukikataa. Lakini kimekaa ndani ya chokaa ya kisiwa, mahali ambapo fundi wa kisiwa amekipangia, na kinatumikia dari lake. Kigeni hakikushika uso wa nyumba.

Linganisheni na nguzo nne za Kiroma za pulani yetu. Pale kigeni ndicho uso, na nyuma yake hakuna kitu. Zile nguzo ata hazibebi paa! Niliangalia pulani vizuri: paa linabebwa na vyuma, nguzo zimesimama tu kama walinzi waliokosa mshahara.

Nirudi sasa kwa mkubwa wangu na neno lake kwamba watu weusi hawakujenga. Najua jibu atakalonipa: «Hiyo ni ya Baarabu.» Ata kule Masoko, ku meza ya chai, nilisikia hilo hilo, kwa kiburi au kwa uchungu, inategemea nani anasema. Hadithi ya zamani ya Kilwa yenyewe inasema hivyo: alikuja Ali bin al-Hasan toka Shirazi ya Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Lakini Neville Chittick alipochimba pale kuanzia miaka ya 1950 mwishoni, chini ya mawe alikuta mji wa udongo na miti, na vyungu vya kienyeji, toka karne ya 9 hivi. Watu walikuwepo, wanavua samaki, wanafinyanga, mbele ya kuta za mawe kusimama. Na mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya mifupa ya watu wa zamani wa miji ya pwani: upande wa mama ni wa Kiafrika karibu wote, upande wa baba una Uajemi mwingi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ya Shirazi si uongo mtupu, na maneno ya «ni ya wageni» si kweli pia. Ni watoto wa nyumba. Tumbawe halikutoka Uajemi. Kulichonga likiwa bichi ni jambo unalijifunza ku bahari ile, toka kwa mtu anayeijua.

Na sisi tulikuwa wapi? Mu udongo wa Upemba, kule Sanga, mu makaburi ya wazee wetu, walikuta misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa, na pia simbi za bahari ya Hindi. Simbi hazitembei zenyewe. Zilipita mkono kwa mkono toka ile pwani mpaka hapa. Kilwa nayo ilikuwa inapiga pesa zake za shaba, na maandishi ya upande mmoja yalikuwa yanalingana kwa vina na ya upande wa pili, kama ushairi. Moja ya Sultani al-Hasan ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Watu wa shaba walikuwa huku na kule. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kusema habari ya Kilwa hapa Kolwezi ni kusema habari ya watu wengine.

Lakini nisiwe mtoto. Msikiti ule nani aliulipa? Kilwa haikuchimba dhahabu. Dhahabu ilichimbwa ndani ya bara, ikashuka Sofala, na Kilwa ilikuwa inashika mlango: meli zinapita, zinalipa. Ibn Battuta, yule yule aliyesifu ukarimu, anasimulia pia jinsi Sultani alivyokuwa anaenda kuvamia nchi za watu weusi wa bara na kurudi na mali na watu. Na karne nyingi baadaye, bandari za Kilwa zilikuwa soko kubwa la watumwa, na wengine walitembea toka upande wetu huu wakibeba pembe. Nilikaa ku kizingiti cha msikiti nikawaza hilo muda mrefu. Kuba nzuri, na chini yake swali. Wachimbaji wa ile dhahabu, nyumba yao ya mawe iko wapi?

Ni swali la Kolwezi, mnaelewa. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1937 juu ya Union Minière, na toka siku ile shaba inatoka. Inapita Kasumbalesa, inapita Tunduma, inafika ku bahari, karibu tu na pale nilipokuwa nimekaa. Kule Kasulo watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao. Kama mtu atakuja na jembe lake miaka mia saba mbele kuchimba Manika kama Chittick, atakuta nini? Nimehesabu kichwani: plastiki ya plafo itakuwa bado ipo, hiyo haiozi. Manjanja yatakuwa kutu. Vioo vitakuwa vipande. Nguzo za Kiroma atazikuta, na ataandika mu kitabu chake kwamba Waroma walifika Lualaba.

Samahani, huo ni utani. Lakini fikirini.

Neno moja la mwisho juu ya hali ya pale. UNESCO iliuandika mji wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mu urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikauweka mu orodha ya hatari, na mwaka 2014, baada ya kazi ya kutengeneza, ikautoa mu orodha hiyo. Kazi inaonekana. Adui niliyemwona mimi ni wa fani yangu: mitini. Ndege anakula tunda, anaacha mbegu mu ufa wa ukuta, mbegu inakuta chokaa na unyevu, yaani chakula na maji, inashukuru Mungu na kuteremsha mizizi. Mtini wa miaka mitano unaweza kung'oa jiwe ambalo Mreno wa mwaka 1505 hakuling'oa. Niliona vichipukizi vitatu, nikavionyesha kwa kiongozi. Akaviondoa na vidole hapo hapo, akaniambia ni kazi yake ya kila juma, na kwamba vinarudi.

Sasa pulani yetu. Sina pulani ya pili mfukoni, mimi si arishitekti. Nina maswali ya kupeleka ku mkutano, na ninaomba kamati iyapokee bila kukasirika. Kwa nini tusijenge na matofali ya kichuguu? Kila mmoja wenu anajua vichuguu vya Katanga, vingine ni virefu kama nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa tofali kuliko wowote. Bibi zetu walijua, na nyumba za matofali mu mji huu zina baridi mpaka leo wakati za vioo zinataka klimatizere ambayo umeme wa kuiendesha hatuna. Kwa nini ukuta usiwe mnene, na paa lipande juu ili moto upande nalo, na chini ya manjanja tuweke kitu cha kuzuia kelele ya mvua? Na ile pesa ya nguzo nne na maua ya dhahabu, ambayo ni sehemu kubwa ya dovi niliyoisoma, kwa nini isinunue kitu kimoja kizuri cha hapa: shaba, kwa mfano, iliyofuliwa na mafundi wetu ambao wanauza picha za shaba barabarani kwa wageni, iwekwe juu, mahali pamoja, tuinyanyulie vichwa?

Mtaniambia kuchoma matofali ni kukata miti, na msitu wetu wa miombo umekwisha juu ya makala. Ni kweli, na mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele juu ya hilo. Chokaa ya Kilwa nayo ilikula miti mingi. Ndiyo maana nimeanza kujaribu tofali lisilochomwa: udongo wa kichuguu, mchanga, na chokaa kidogo ya Kakontwe, linashindiliwa na kukaushwa mu kivuli. Nilitengeneza sita nyuma ya nyumba ya mama hapa Manika. Mawili yalipasuka siku ya tatu, nadhani niliyaweka maji mengi. Moja mtoto wa jirani alilivunja na mpira. Matatu yamekaa inje toka mvua za mwezi wa pili na bado yana pembe zake. Mwenye kutaka aje ayaone, ayapige na nyundo akitaka, mbele ya mkutano wa jumamosi. Na mkubwa wangu yule, nitampelekea moja nyumbani kwake mimi mwenyewe, kwa heshima.